Mtatokea Wapi?

Umoja wa wanaume wa kanisa letu ulipokubali kwenda misheni ya siku 7 katika usharika mchanga uliokuwa haujamaliza chumba cha shule ya Jumapili, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kwenye fomu, mahali palipouliza ujuzi wa mhusika, niliandika "ujenzi", kwa kuwa niliwahi kumsimamia fundi aliyejenga banda la kuku, na sikuona haja ya kufafanua ni nani hasa aliyeshika mwiko. Baadaye nilikuja kugundua kwamba kati yetu sita, wanne walikuwa wameandika vivyo hivyo.

Siku ya kwanza tulifunga grili za chuma madirishani, na kwa kweli tulizifunga zikafungika. Mwenyekiti wetu, mtu wa kilo nyingi, alining'inia kwenye mojawapo ili kuijaribu, akatangaza kwamba hakuna mwizi atakayepita hapo.

Siku ya pili ilikuwa ya kumwaga zege la sakafu. Fundi wa pale, mzee mpole, alifika mapema na mwiko wake, nasi tukamwambia kwa upendo mwingi apumzike, maana tulikuja kutumika na si kutumikiwa. Aliuliza jambo moja tu, kama zege tungelichanganyia nje. Tukamjibu kwamba jua lilikuwa kali, kwa hiyo tungelichanganyia ndani, kwenye kona ya mbali yenye kivuli. Alitutazama kitambo, akaenda kuketi chini ya mti.

Vipimo tulikuwa navyo: ndoo moja ya sementi, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kwa kuwa lundo letu lilikuwa konani, tuliona busara kuanzia mlangoni na kurudi nyuma taratibu, tukisawazisha kwa ubao mfupi na kuimba. Mwenyekiti alitukumbusha kwamba Nehemia alimaliza ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52, akaongeza kwamba Nehemia hakuwa na kikosi kama chetu. Ilipofika saa tisa alasiri lundo lilikuwa limekwisha, sakafu inang'aa kama kioo, na sisi sita tumesimama bega kwa bega kwenye kipande cha udongo kisichozidi ukubwa wa mkeka.

Uso wa fundi ukatokea dirishani.

"Kazi nzuri, ndugu zangu," alisema. "Mtatokea wapi?"

Hakuna aliyejibu. Nilishika grili nikaitikisa, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuwa fundi mbovu zaidi. Fundi alieleza, bila hata chembe ya kejeli (jambo lililoniumiza kuliko kejeli), kwamba zege la upande wa mlangoni limeanza kukaza lakini la karibu yetu bado ni bichi, na kwamba tungehitaji mbao ndefu za kukanyagia. Mbao zote ndefu, hata hivyo, zilikuwa uwanjani, zimetandikwa juu ya matofali ziwe viti vya mkutano wa injili wa saa kumi, na watu walikwisha kuzikalia. Mhubiri wa siku hiyo nilikuwa mimi.

Mchungaji aliamua kuuhamishia mkutano dirishani. Nilihubiri nikiwa nimeshika nondo kwa mikono miwili, kwapa la mwenyekiti likiwa sikioni mwangu, na somo nililoliandaa wiki tatu kabla lilikuwa la Paulo na Sila gerezani. Nilipofika pale milango yote inapofunguka, mama mmoja wa safu ya mbele alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Nilidhani ameguswa.

Baada ya baraka watu walinyanyuka, mbao zikaletwa, nasi tukatoka mmoja mmoja kama wanyama wa safina. Mwenyekiti aliteleza, akazama hadi kifundo cha mguu na kuacha kiatu. Nyuma yetu fundi alikuja amepiga magoti juu ya ubao, akifuta alama zetu kwa mwiko, moja baada ya nyingine, akiimba ule wimbo wetu wa asubuhi.

Kipande tulichokuwa tumekisimamia alikimwaga mwenyewe kesho yake, akianzia konani, naye akiwa nje ya dirisha. Mchungaji ameniandikia kwamba kiungo chake kinaonekana hadi leo, na kwamba watoto wanapachagua sana wakati wa kujificha. Wanapaita gerezani.