Zeppelin ni Mafundi, Lakini Urithi ni wa Sabbath

Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya roki ya Black Sabbath ya Uingereza, alifariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 tu baada ya kuimba nayo kwa mara ya mwisho pale Birmingham. Mashabiki wa Led Zeppelin, bendi nyingine ya roki ya huko huko, ninaowafahamu walituma rambirambi, wakajiheshimu siku mbili tatu, kisha mmoja wao uzalendo ukamshinda: "Mungu amlaze pema, ila tusidanganyane, Sabbath hawakuwahi kuwa saizi ya Zeppelin." Kuanzia hapo hakukulalika.

Ubishi huu una umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaoubisha, na wala sichukii watu wakibishana, maana ushabiki usio na ubishi haunogi. Kinachonichosha ni maswali mawili kuchanganywa yakawa moja. Kuna swali la nani alipiga vizuri zaidi, na kuna swali la nani ameacha kikubwa zaidi. Shabiki wa Zeppelin ukimuuliza la pili anakujibu la kwanza: anakutajia solo za gitaa za Jimmy Page na koo la Robert Plant, anadhani kesi imeisha. La kwanza nampa bila kinyongo. La pili simpi. (Wa Queen tulieni. Najua Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, zamu yenu itafika.)

Kwanza tuelewane kwamba wenyewe hawakuwa maadui. Plant na John Bonham, mpiga dramu wa Zeppelin, walikulia ukanda ule ule wa katikati ya Uingereza waliotoka vijana wa Sabbath, na bendi zote mbili zilizaliwa mwaka 1968. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Sabbath, alipooa mwaka 1973, mpambe wake alikuwa huyo huyo Bonham. Bonham aliwahi hata kuwafuata Sabbath studio akitaka wapige pamoja "Supernaut", wimbo wao alioupenda. Kumbe wahusika wanakunywa pamoja, sisi huku tunatoana macho. Wapambe nuksi.

Sasa niwape Zeppelin haki yao. Kasikilize "When the Levee Breaks", wimbo unaofunga albamu yao ya nne, ya mwaka 1971. Asili yake ni bluzi ya mwaka 1929 ya Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, kuhusu mafuriko ya mto Mississippi. Zeppelin walikuwa wamejichimbia Headley Grange, jumba la kale huko Hampshire lililokuwa zamani makazi ya maskini, wakitumia studio ya kwenye gari iliyokuwa mali ya Rolling Stones. Bonham alikuwa amepata seti mpya ya dramu. Ikapangwa chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, pale ngazi zinapoanza kupanda kwenda ghorofani. Fundi mitambo Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili tu kutoka juu ya ngazi, zikimtazama Bonham kwa chini. Hakuna hata moja iliyosogezwa karibu na dramu kubwa ya mguu. Kilichonaswa ni nyumba nzima, na kuta zake na hewa yake. Kisha sauti ikapitishwa kwenye mashine ya mwangwi, ndiyo maana kila kishindo kinakuja na mwenzake nyuma. Nimeshausikiliza wimbo huu kwenye spika nzuri na kwenye spika za kutia aibu, na kote unafanya kazi ile ile: unakaa kimya mpaka uishe.

Na si Bonham peke yake. Page na John Paul Jones walikuwa wanamuziki wa kulipwa kwenye studio za London kabla bendi haijakuwapo, wameshawapigia watu wa kila aina, hakuna mtindo uliowatisha. Kwenye "Kashmir" ya mwaka 1975 dramu inakwenda na hesabu yake, gitaa linakwenda na hesabu nyingine, na mbele ya safari vinakutana bila mtu kukanyagana. Sabbath hawakuwa na uwezo huo. Bill Ward, mpiga dramu wao, nampenda sana, jazi imo mikononi mwake, lakini ukimweka pembeni ya Bonham inabidi uanze kutafuta maneno ya kumtetea.

Doa lipo, na wapenzi wao hulikwepa. Willie Dixon, mtunzi wa bluzi wa Chicago, aliwashtaki mwaka 1985 kwa ajili ya "Whole Lotta Love". Wakamalizana nje ya mahakama, na leo jina lake limo kwenye orodha ya watunzi wa wimbo huo. Kesi ya "Stairway to Heaven", iliyohusu wimbo wa bendi ya Spirit, walishinda mwaka 2016 na wakashinda tena kwenye rufaa mwaka 2020, na kwa maoni yangu walistahili. Bluzi imekuwa ikipokezanwa tangu enzi. Ila kupokea ni jambo moja, na kuandika jina lako juu ya ulichopokea ni jambo jingine. Mtu akikuambia Zeppelin walibuni kila kitu, mwambie akamsikilize Muddy Waters, mkongwe wa bluzi, kwanza, halafu aje.

Twende Aston, Birmingham. Vijana wanne wa mitaa ya viwanda. Ozzy alishawahi kufanya kazi machinjioni. Iommi alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kwenye kiwanda cha vyuma, walipomweka kwenye mashine asiyoizoea. Ikashuka, ikaondoka na ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Na Iommi ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Akaambiwa asahau gitaa. Meneja wa kiwanda akampelekea santuri ya Django Reinhardt, aliyekuwa akipiga solo kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua moto.

Iommi akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akafinyanga vifuniko vya kuvisha ncha za vidole. Akavitoboa, akavisugua kwa msasa mpaka vikaenea, akagundisha ngozi juu yake ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu kwake, akafunga nyuzi nyepesi za banjo. Baadaye akazilegeza kabisa: kwenye albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, gitaa kwenye nyimbo kadhaa lilishuka nusu toni tatu chini ya kawaida, na besi ya Geezer Butler ikashuka nalo. Ule uzito ambao leo vijana hununua vifaa vya mamilioni kuutafuta ulianzia kwa mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kupiga gitaa bila kuumia.

Albamu yao ya kwanza waliirekodi ndani ya siku moja, Oktoba 1969, ikatoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Wimbo wa kufungulia una jina la bendi yenyewe, na rifu yake, yaani kile kipande cha gitaa kinachorudiwa mpaka kinakaa kichwani, ina noti tatu. Tatu tu! Mtoto aliyeshika gitaa wiki iliyopita anaweza kuipiga leo jioni. Wakosoaji wa wakati ule waliona huo ni umaskini wa fikra. Lester Bangs aliiponda albamu hiyo kwenye jarida la Rolling Stone. Mimi nasema hapo hapo ndipo Sabbath walipowapita Zeppelin.

Urithi ni kile ambacho aliyebaki anaweza kukishika na kukifanyia kazi. Zeppelin wameacha vitu vya kustaajabisha ambavyo havishikiki. Ili uwe Zeppelin unahitaji Bonham, na Bonham alikuwa mmoja. Ndiyo maana kila anayejaribu anaishia kuitwa nakala. Waangalie Greta Van Fleet wa Michigan: vijana wanajua kazi, wamechukua Grammy mwaka 2019, na bado sifa kubwa wanayopewa na tusi kubwa wanalotukanwa ni maneno yale yale, kwamba wanafanana na Zeppelin. Huo mlango Zeppelin waliufungua kisha wakapita na ufunguo wao.

Sabbath ni kinyume chake. Rifu ya Iommi unaichukua, unaiharakisha, unapata bendi kama Metallica na Slayer. Unaipunguza mwendo mpaka inatambaa, unapata Candlemass na Sleep. Unaitia huzuni ya Seattle, unapata Soundgarden na Alice in Chains. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayesikika kama nakala ya Sabbath, na hakuna hata mmoja ambaye angekuwapo bila Sabbath.

Kama unataka ushahidi wa macho, linganisha heshima walizopewa. Desemba 2012, Page, Plant na Jones walivishwa nishani za Kennedy Center kule Washington, wakakaa na Rais Obama, na Plant machozi yakamlengalenga pale akina dada wa bendi ya Heart walipoimba "Stairway to Heaven" huku mtoto wa Bonham, Jason, akipiga dramu. Heshima ya kitaifa hiyo, tena ya taifa lisilo lao. Black Sabbath wao waliagwa tarehe 5 Julai 2025 kwenye uwanja wa mpira wa Villa Park, hatua chache kutoka mitaa waliyokulia. Ozzy aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi kwa sababu ya ugonjwa. Na kabla yake walipanda Metallica, Guns N' Roses, Slayer, Pantera, Tool, Gojira, Mastodon, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akipiga na wimbo wa mzee. Msiba wa Mswahili una kipimo chake kinachojulikana: tazama nani amekuja na amekuja na nini.

Najua silaha mbili zinazokuja hapa. Ya kwanza ni mauzo. Ndiyo, ile albamu ya nne ya Zeppelin peke yake imevuka nakala milioni 20 Marekani, na Sabbath hawana kitu cha kukaribia hapo. Sina la kujibu zaidi ya kusema kwamba mauzo yanahesabu wasikilizaji, na mimi nahesabu wapigaji.

Ya pili inauma kidogo. Bonham alipofariki Septemba 1980, Zeppelin walifunga kazi mwaka huo huo. Hawakutafuta mbadala. Sabbath wao walimfukuza Ozzy mwaka 1979, wakamchukua Ronnie James Dio wakatoa Heaven and Hell mwaka 1980, albamu ambayo naitetea popote, kisha wakaanza kubadilisha waimbaji mpaka ukisikia jina la bendi unauliza safari hii ni nani. Mwaka 1983 wakiwa na Ian Gillan walizunguka na mapambo ya jukwaani ya kuigiza Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale ya Uingereza. Geezer anasimulia kwamba vipimo viliandikwa kwa mita badala ya futi, na mawe yakafika makubwa kiasi cha kukataa kuingia kwenye kumbi nyingi. Kustaafu kwa heshima, hapo Zeppelin wamewashinda, tena vibaya.

Kuna hoja moja ambayo mashabiki wa Zeppelin hawaitumii, nami nashangaa, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Ile dramu ya Headley Grange ilichukuliwa na watu wa hip hop. Mwaka 1986 Beastie Boys walifungua albamu yao ya kwanza kwa wimbo "Rhymin & Stealin", na chini yake kinachotembea ni Bonham wa "When the Levee Breaks". Kwa hiyo kumbe kuna kitu cha Zeppelin kilichoshikika. Ila sikiliza gitaa la wimbo huo huo. Ni "Sweet Leaf" ya Black Sabbath, kutoka Master of Reality. Vijana wa New York walioingia dukani wakiwa huru kuchagua walichukua dramu kwa huyu na rifu kwa yule, na hukumu yao naiona ya haki kuliko zetu nyingi.

Na mnyororo umefika huku kwetu. Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, wametokea kwenye bendi za metali, yaani roki nzito, za Nairobi, na albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni mayowe na mitambo ya kompyuta, Iommi mwenyewe huenda angeomba sauti ipunguzwe. Lakini fuata ukoo wake kurudi nyuma, kizazi kwa kizazi, utafika Aston.

Kwa ambaye hajawahi kuwasikiliza hawa wote na amesoma mpaka hapa kwa subira tu: anza na Paranoid ya Sabbath ya 1970, halafu Physical Graffiti ya Zeppelin ya 1975, halafu rudi kwenye Master of Reality ukiwa na spika zenye besi ya kueleweka. Technical Ecstasy ya 1976 achana nayo. Hata sisi wa Sabbath hatuipigi.