Nusu bili ya nani?

Tarehe 12 Aprili 2020 Tanzania ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, na anga halikufunguliwa tena hadi 18 Mei. Tuchukue hoteli ya watalii pale Arusha iliyokuwa imejaa Februari. Jioni moja viyoyozi, mashine za kufulia, majokofu ya jikoni na pampu ya maji vikawaka kwa pamoja, mita ikasoma KVA 100, KVA ikiwa kipimo cha nguvu ya umeme inayovutwa kwa wakati mmoja. Aprili wageni hakuna. Zimebaki taa za walinzi na jokofu moja.

Uniti zimeshuka, ndiyo. Lakini mteja wa kundi la T2, la biashara zenye matumizi makubwa, halipii uniti peke yake, analipia na KVA, na kanuni ya TANESCO inamtoza kilicho kikubwa kati ya kilele cha KVA cha mwezi huo na asilimia 75 ya kilele cha juu kabisa cha miezi mitatu iliyotangulia. Kwa bei zilizopangwa 2016, KVA moja ni shilingi 15,004. Zidisha kwa 75 upate shilingi 1,125,300, na hapo hujagusa VAT wala uniti hata moja. Ile jioni moja ya Februari itaendelea kuidai hoteli mpaka bili ya Mei.

Naanza na hesabu hii kwa sababu kila gonjwa likizuka na biashara zikiyumba, kilio cha kwanza huwa "punguzeni bei ya umeme", na wanaolia na wanaojibu wote huongea kana kwamba umeme una bei moja.

Ghana ndiyo iliyojibu kilio hicho kwa mkono mpana. Accra na Kumasi zikiwa zimefungwa, Rais Nana Akufo-Addo alitangaza tarehe 9 Aprili 2020 kwamba kwa miezi mitatu, Aprili hadi Juni, wateja wa chini kabisa wasiozidi uniti 50 kwa mwezi hawatalipa chochote, na wengine wote, wa majumbani na wa biashara, serikali itawabebea nusu ya bili, kipimo kikiwa bili ya Machi. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na wapinzani wake hawakulisahau hilo. Mimi nitaliacha, kwa kuwa hatua inaweza kuwa ya kura na bado ikawa nzuri.

Uzuri wake mkubwa ulikuwa wepesi. Hapakuwa na fomu, wala barua ya serikali ya mtaa, wala kuulizwa cheti cha usajili wa biashara. Mama anayeuza samaki wa kugandishwa hana muda wa kusubiri kamati ikae. Majokofu hayazimwi eti wateja wamepungua. Ukizima, mtaji unaoza. Kwake yeye nusu bili ilikuwa msaada wa kweli, na ulimfika bila kupita mkononi mwa mtu. Nani katika nchi zetu ana daftari la wafanyabiashara wote wadogo? Mita ndiyo daftari pekee tulilo nalo.

Kulikuwa na hoja nyingine isiyotajwa sana. Mwaka 2019 waziri wa fedha wa Ghana, Ken Ofori-Atta, alikuwa ameliambia bunge kwamba nchi ina uwezo wa kuzalisha megawati zaidi ya 5,000 ilhali matumizi ya juu kabisa ni kama 2,700, na kwamba mikataba inailazimisha kulipia zaidi ya dola milioni 500 kila mwaka kwa umeme usiotumika. Mitambo imekaa, inalipwa. Kama ni hivyo, kwa nini usimwachie muuza samaki kwa bei nafuu?

Kwa sababu punguzo haliipunguzi ile mikataba. Linapunguza fedha zinazoingia kwa shirika la kusambaza umeme, na pengo lazima lizibwe na mtu. Serikali iliahidi kuliziba. Kuanzia Mei 2021 Waghana walianza kulipa pesewa 20 (pesewa ni senti ya Ghana) zaidi kwa kila lita ya petroli na dizeli, tozo iliyopewa jina la kufufua sekta ya nishati, sambamba na asilimia moja ya ziada kwenye manunuzi kwa jina la Covid. Siwezi kusema kila pesewa ilikwenda kufidia nusu bili, kwani madeni ya umeme ya Ghana ni ya zamani kuliko korona. Ila abiria wa daladala la Kumasi, walilo wenyewe wanaita trotro, alichangia kuliziba shimo ambalo nusu bili ililiongeza kina.

Na nusu ya bili ni nusu ya bili ya nani? Mwenye matumizi makubwa alisaidiwa zaidi kwa fedha. Kuna na lile la mita moja kwa nyumba nzima, ambalo mpangaji yeyote wa Dar es Salaam atalielewa: vyumba sita vyenye familia sita vikishika mita moja, uniti 50 zinaisha mapema, na maskini sita wanahesabiwa kuwa mteja mmoja mkubwa.

Sasa turudi Tanzania, umweke kinyozi wa mtaani kwenye hesabu hii. Yuko T1, kundi la majumbani na biashara ndogo lisilolipia KVA, uniti shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Akitumia uniti 90 kwa mwezi ni shilingi 26,280. Mkatie nusu, umempa 13,140. Ataipokea, nani akatae? Lakini kilichomkaba ni kodi ya fremu, aliyotakiwa kuilipa ya miezi sita kwa mkupuo, na hiyo haipiti kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Ndiyo maana nazitazama zaidi nchi zilizokwenda kwenye ile sehemu ya bili isiyotegemea uniti. Jimbo la Maharashtra, India, liliwaahirishia wenye viwanda na maduka tozo hizo kwa mizunguko mitatu ya bili. Kuahirisha si kusamehe, deni linakungoja mlangoni siku unayofungua. China ilikata asilimia 5 kwa biashara nyingi, ikaviacha nje viwanda vinavyokula umeme mwingi, na pia ikalegeza masharti ili kiwanda kilichosimama kiweze kupunguza uwezo kinachoulipia.

TANESCO ingekuwa na la kujibu, na si dogo. Transfoma iliyofungwa kwa ajili ya hoteli ile ipo pale pale hoteli ikijaa au ikiwa tupu, na asilimia 75 imewekwa ili mteja wa msimu asitumie nguvu zote Februari kisha akajifanya mdogo Aprili. Nakubali. Ila hoteli haikuchagua kufungiwa anga.

Ningependa EWURA, mamlaka inayopanga bei za umeme, iandike kifungu kimoja kwenye amri yake ya bei, kiwepo kabla ya gonjwa lijalo: Wizara ya Afya ikitangaza mlipuko na serikali ikazuia shughuli, sharti la asilimia 75 linasimama, mteja anatozwa kilele cha mwezi husika. Na kiwe cha mkoa. Homa ya Marburg ilipozuka Kagera, 2023 na tena Januari 2025, kiwanda cha Mbagala hakikuwa na sababu ya kupewa nafuu.

Kwa hoteli yetu ya Arusha, kama Aprili mita ilisoma KVA 12, bili ya KVA ingekuwa shilingi 180,048. Shilingi 945,252 zinazobaki angezibeba TANESCO, kwa mwezi, kwa kila hoteli ya namna hiyo, na hapo ndipo Hazina ingepaswa kuulizwa mapema ina kiasi gani.