Wiki ya jua milimani, na ugomvi wangu na ile picha ya jua kwenye simu

Kuna wiki moja huwa inakuja katikati ya majira ya baridi kule milimani ambayo naona kila mtu anaipenda isipokuwa mimi. Unafungua simu asubuhi unakuta Jumatatu jua, Jumanne jua, Jumatano jua, hadi Jumapili jua, vijiduara saba vya njano vimejipanga kama shanga, hakuna theluji, hakuna mvua, upepo kiduchu, alafu mtangazaji anakuja na tabasamu lake anasema wiki hii tutakuwa na hali nzuri ya hewa. Nzuri kwa nani sasa? Hapo ndo huwa naanza kubishana na simu kama mtu asiye na kazi.

Sio kwamba napenda kuganda, hapana. Jua la baridi milimani ni tamu, anga inakuwa ya bluu mpaka unahisi imepakwa rangi, na ukisimama upande wenye jua unavua koti bila kupenda. Shida yangu ni ile picha moja ya jua, kwa sababu inaficha vitu vingi mno na watu wanaiamini kama kiapo.

Kwanza tuelewane jinsi wiki yenyewe inavyotengenezwa. Mgandamizo mkubwa wa hewa unakuja unakaa juu ya milima, hewa ya juu inashuka taratibu, ikishuka inabanwa, ikibanwa inapata joto na kukauka, mawingu yanakosa pa kushika yanayeyuka. Dhoruba ambazo zingeleta theluji zinafika zinakuta njia imezibwa zinazunguka kwingine. Na mgeni huyu akishakaa haondoki haraka, wiki moja inaweza kuwa mbili.

Sasa uhondo uko bondeni. Kawaida ukipanda mlima joto linapungua, wastani kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja, hata mtoto anajua juu ni baridi kuliko chini. Wiki hii kanuni inapinduka. Usiku wa baridi ni mrefu, kwenye milima ya Alps kwa mfano unavuka masaa 15, anga haina wingu la kufunika, ardhi na theluji vinatoa joto lote linapotea angani, hewa iliyogusa theluji inapoa inakuwa nzito, na hewa nzito inafanya kama maji, inateremka makorongo yote inakwenda kujaa bondeni. Asubuhi jua linatoka limelala pembeni, halina nguvu ya kuikoroga hewa ile, kwa hiyo inabaki palepale, ukungu unajijenga ndani yake, na kesho yake inaongezeka nyingine. Ikifika Alhamisi mtu wa bondeni yuko kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri, kijivu mtupu, hajaliona jua tangu Jumatatu, wakati mwenzake aliye mita 2,000 juu yake ana nyuzi 8 na amekunja mikono ya shati. Wote wawili wakifungua simu wanaona picha ileile ya jua. Huyu wa bondeni anatoa kichwa dirishani, anarudi kuangalia simu, anatoa tena.

Na simu haidanganyi kwa makusudi, mimi nikikasirika huwa najikumbusha hivyo. Mitambo inayopiga hesabu ya hali ya hewa ya dunia nzima inaigawa ardhi katika vipande, na hata ile mizuri ya Ulaya kipande kimoja kimekuwa kina upana wa kilomita 9 hivi. Ndani ya kilomita 9 za milimani kuna kilele, kuna bonde, kuna mteremko usioona jua miezi mitatu, kuna mwingine unaochomwa tangu asubuhi, vyote vinasawazishwa vinakuwa kitu kimoja cha wastani ambacho hakipo popote. Mlima unapigwa pasi. Kwa hiyo ukungu wa bonde jembamba hauonekani kabisa, na hata mtabiri mzoefu kitu kinachomtesa wiki hii sio kama itanyesha, bali ukungu utaishia mita ngapi na utaachia saa ngapi. Ile wiki inayoonekana rahisi kuliko zote kutabiri ndo inayomuumbua.

Halafu ile hewa ya joto iliyo juu inakuwa kama kifuniko cha bonde, na hakishiki ukungu peke yake, moshi nao unanasa humohumo, wa majiko, wa magari, wa viwanda. Mwezi Desemba 1930 kule Ubelgiji, kwenye bonde la mto Meuse lililokuwa limejaa viwanda, hali ya aina hii ilikaa siku chache tu na watu wapatao 60 wakafa. Hakukuwa na dhoruba, hewa ilitulia tu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "hewa imetulia vizuri" bondeni wakati wa baridi, mimi sishangilii.

Kuna upole mwingine ambao watu wanauchanganya na huu, ule wa upepo wa joto unaoporomoka kutoka upande wa pili wa mlima. Kwenye Alps wanauita föhn, kwenye milima ya Rocky ni chinook. Hewa yenye unyevu inapanda upande mmoja inaacha maji yake kule, ikivuka kilele inashuka imekauka, na hewa kavu ikishuka inapata karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita, kwa hiyo inafika chini imechemka kuliko ilivyoanza. Balaa la upepo huu lilionekana mji wa Spearfish, Dakota Kusini huko Marekani, tarehe 22 Januari 1943, joto lilitoka nyuzi 20 chini ya sifuri likafika nyuzi 7 juu ya sifuri ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Baadaye asubuhi hiyohiyo likarudi chini kwa kishindo na vioo vya madirisha vikapasuka. Huo upole gani sasa. Lakini tuuache, wiki yangu ni ile tulivu.

Kitu kinachoniuma zaidi kiko ndani ya theluji yenyewe, ambako hakuna kamera inayoonyesha. Mtu anadhani siku kavu zinafanya mlima uwe salama, kwamba theluji isipoanguka hakuna maporomoko, yaani theluji kukatika na kushuka mlima kwa wingi. Kweli siku zenyewe za jua mara nyingi hatari hupungua, sikatai. Lakini angalia kinachopikwa. Theluji ikiwa nyembamba, chini kwenye ardhi ina joto karibu na sifuri maana ardhi imetunza joto lake, juu yake usiku wa anga tupu unaishusha nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, na kati ya hapo ni nusu mita tu. Mvuke unapanda kutoka chini kwenda juu, unazibadilisha chembe za theluji, zile zilizokuwa zimeshikana zinageuka punje kubwa zenye pembe, ukizichota mkononi zinamwagika kama sukari, hazishikani na chochote. Upande wa jua nako uso unayeyuka mchana unaganda usiku, kesho tena, mpaka linakuwa gamba gumu linaloteleza kama kigae. Wiki nzima mlima umenyamaza, na Waswahili walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Theluji mpya ikija kulala juu ya sukari ile, au juu ya lile gamba, inakuwa kama godoro limewekwa juu ya gololi, akipita mtu mmoja tu linaondoka lote. Wataalamu wa maporomoko wanasema karibu asilimia 90 ya ajali zinazoua, anayeianzisha ni muathirika mwenyewe au mwenzake waliyeongozana. Watu wanaiogopa siku ya theluji nzito, na wako sahihi, ila mtego uliwekwa wiki ya jua.

Hata wenye vituo vya kuteleza kwenye theluji wanahangaika. Mashine za kutengeneza theluji zinataka baridi, na hewa kavu inazisaidia kwa sababu matone yakivukiza kidogo yanapoa zaidi, kwa hiyo unaweza kukuta bondeni mashine zinanguruma usiku kucha na huko juu kwenye miteremko yenyewe joto limekataa kushuka. Mlima umegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Sasa wapo watakaoniambia wiki moja tu hiyo, acha watu waote jua. Sawa, nakubali, wiki moja haimalizi mto wala haithibitishi kitu kuhusu tabianchi, na wale wanaopiga picha moja ya nyasi mwezi Januari wakaandika dunia imekwisha huwa siwaelewi. Wiki ina hesabu yake pale inapokuja na dada zake. California theluji ya mlimani ndo ghala lao, inawapa karibu asilimia 30 ya maji, na tarehe 1 Aprili 2015 walipokwenda kupima theluji ya milima ya Sierra Nevada wakakuta asilimia 5 tu ya wastani, gavana Jerry Brown akasimama kwenye nyasi kavu mahali ambapo kawaida pangekuwa na theluji ya futi tano hivi, na siku hiyohiyo akatangaza miji ipunguze maji kwa asilimia 25. Kila wiki iliyofikisha hapo ilikuwa na picha ya jua. Kashmir nako Januari 2024 Gulmarg, mji wa watu wa kuteleza kwenye theluji, ilikaa kahawia katikati ya Chillai Kalan, zile siku 40 ambazo zinajulikana kwa ukali wake. Na joto likiongezeka nyuzi moja mstari wa theluji, yaani kimo ambacho theluji huanzia, unapanda kama mita 150, kwa hiyo hata dhoruba ikija, vijiji vya chini vinapata mvua.

Mimi ningeomba kitu kidogo tu, watabiri waache neno "nzuri". Semeni kavu, semeni tulivu, semeni bondeni ukungu hadi mita 900 na juu yake jua, hilo neno zuri mtu atalitafuta mwenyewe kulingana na alipo. Ila najua hawataacha. Jumapili jioni upepo utageuka, mawingu membamba yataanza kuchora mistari kutoka magharibi, simu itaweka wingu la kijivu lenye vinyota vyeupe kwa siku tatu mfululizo, theluji ambayo ghala limeisubiri wiki nzima, na yule mtangazaji wetu atakunja uso, asikitike kidogo, aseme kwa bahati mbaya hali ya hewa inaharibika.