Pudini ya soya ianzie kwenye maharage, siyo kwenye chupa ya arki

Wengi wanaoanza kuuza pudini na aiskrimu ya soya hapa Moshi naona wanaanza na arki: vanila, stroberi, embe, na rangi ya kufanana nayo. Mteja anaonja kijiko cha kwanza anasifia, cha pili kinamshinda. Nami nafanya biashara hii na ninaipenda, kwa hiyo naomba niseme waziwazi: arki haijengi ladha mpya. Ladha inaanzia kwenye maharage yenyewe, halafu inakwenda kwenye vile vinavyoota huku kwetu.

Nianze na maziwa, maana hapo ndipo kazi inapoharibikia. Ile harufu ya majani mabichi ambayo watu wanailalamikia haikuwemo kwenye punje. Ndani ya soya kuna kimeng'enya, yaani kitu kinachochochea mabadiliko kwenye chakula, kiitwacho lipoksijenasi. Punje ikipasuka kwenye maji ya baridi, kimeng'enya hicho kinakutana na mafuta ya soya na hewa, na harufu inatokea papo hapo. Ikishatokea, hata uchemshe vipi haiishi yote, na hakuna stroberi ya kuifunika. Dawa ni kukiwahi. Loweka soya usiku kucha, isugue kwa viganja ndani ya maji mpaka maganda yaelee, yatoe, kisha itumbukize kwenye maji yanayotokota kwa dakika chache na uisage ikiwa bado ya moto, kwa maji ya moto yanayozidi nyuzi 80. Ukishachuja, rudisha maziwa jikoni. Hapa angalia sana: povu la soya hupanda na kumwagika kabla maziwa hayajachemka sawasawa, na wengi wakiliona wanazima moto. Punguza moto, koroga, yaache yachemke taratibu dakika 15 hadi 20, kwa sababu soya isiyoiva ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini.

Maziwa yaliyotoka hivyo ni matulivu, yanakaribia ladha ya karanga. Ukiyaonja hutajiuliza tena ufiche nini. Utajiuliza yanaelewana na nini.

Wenzetu wa Asia wameshajiuliza hilo miaka mingi. Kusini mwa China pudini laini ya soya huliwa na shira ya tangawizi. Ufilipino wanaiita tahô, wachuuzi huipitisha mitaani asubuhi ikiwa ya moto, juu yake wamemwaga shira ya sukari ya kahawia na punje za sago. Hakuna anayejaribu kuifanya soya ifanane na maziwa ya ng'ombe. Sasa tazama tulivyonavyo sisi: tangawizi ya milima ya Upare, kule Same, inafika sokoni Moshi ikiwa kali na yenye maji. Sukari guru ipo. Iliki inatoka Amani, Tanga. Ponda tangawizi, ichemshe na sukari guru mpaka shira iwe nzito, tia iliki mwishoni kabisa ili harufu isipotee na mvuke. Usimwage juisi ya tangawizi mbichi kwenye maziwa, nayo ina kimeng'enya kinachokatakata protini. Ukiionja shira hiyo juu ya pudini baridi, naamini hutaikumbuka tena stroberi ya chupani.

Kahawa nayo inanisikitisha. Tunaishi chini ya mlima wa arabika, KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, upo tangu 1933, halafu tunaweka kahawa ya unga ya kopo kwenye kitindamlo tunachomuuzia mtalii aliyetoka kupita kwenye mashamba yenyewe! Kahawa iliyokaangwa hadi ikaiva vizuri inaelewana na soya kuliko kitu kingine ninachokijua. Tatizo lake ni uchachu: kahawa ya moto iliyo chachu ikiingia kwenye maziwa ya soya huyakata mabonge mabonge. Iloweke iliyosagwa kwenye maji baridi usiku mzima, ichuje, uchachu utapungua.

Pasheni, ukwaju na rosela ni kisa hichohicho cha uchachu, kwa hiyo vikae juu ya pudini iliyokwisha kuganda. Nanasi na papai vipike kwanza, mbichi vinaivunja protini. Kugandisha, mimi natumia agari, ule unga ambao watu wa Pwani wanautengenezea faluda. Inaganda hata nje ya friji, na kwa umeme wetu hilo si jambo dogo.

Lipo jambo jingine linaloniuma zaidi ya arki. Soya iliingia nchini mwaka 1907, wakati wa Wajerumani, kupitia kituo cha Amani, na leo bado tunaifahamu zaidi kama unga wa kuchanganya kwenye uji wa lishe: chakula cha mtoto aliyedhoofu au mgonjwa. Wasabato wa huku na wa Upare wameizoea zaidi, kwao maziwa ya soya na hata kahawa ya soya si ajabu. Lakini mteja wa kawaida anakisogelea kikombe chako kama anayekwenda kunywa dawa, na wauzaji tunamsaidia kwa kubandika maneno ya kutibu hiki na kile. Tuache. Kwenye lebo andika soya kwa maandishi yanayosomeka, kwani wapo wenye mzio nayo, fuata taratibu za Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, halafu uuze utamu. Mtu anunue pudini kwa sababu ameitamani.

Na unapoonjesha, onjesha ikiwa baridi kama atakavyoila mteja. Ubaridi unapunguza utamu mdomoni, shira iliyokolea jikoni inaweza kupwaya ikitoka kwenye friji. Usimwonjeshe dada yako peke yake, atakusifia tu. Mpe fundi wa pikipiki, mpe mama wa ndizi pale soko la Mbuyuni, kisha mwangalie kama anamaliza kikombe. Akikimaliza huku anaongea mambo mengine, hiyo ladha iweke kwenye orodha.

Ninayoitaka sana sasa ni ya kimea cha ulezi. Ndizi mbivu na kimea ndivyo vinavyotengeneza mbege, kwa hiyo mtu wa Kilimanjaro ana harufu hiyo kichwani tangu utotoni, hata kama hanywi pombe. Ukikikaanga kimea kidogo kwenye kikaango kikavu kinatoa harufu ya mkate uliobanikwa, na ndizi iliyookwa na ganda lake inaleta utamu bila sukari nyingi. Vyote viwili vinakubaliana na maziwa ya soya bila kugombana. Wiki hii ninayo kwenye friji. Ladha imekaa, ila bado inaacha chengachenga kwenye ulimi, kwa hiyo safari ijayo kimea nitakichemsha ndani ya maziwa na kukichuja kwa kitambaa kizito zaidi kabla ya kuweka ndizi.