Maikroekonomia ya mwaka wa pili inaishia pale ilipotakiwa kuanza

Ukiwauliza wanafunzi wa uchumi ni kozi gani iliyowatoa jasho, wengi watakutajia maikroekonomia ya ngazi ya kati, ile inayochunguza jinsi mtu mmoja mmoja na kampuni wanavyochagua. Mwaka wa kwanza walichora mstari wa mahitaji na wa ugavi, wakaonyesha inapokutana, basi. Mwaka wa pili wanakuta kalkulasi, kizidishi cha Lagrange (mbinu ya kutafuta chaguo bora ndani ya kipato kilichopo) na milinganyo inayojaza ubao. Lalamiko la kawaida ni kwamba hesabu zimezidi. Silikubali. Hesabu zenyewe huwa za aina chache zinazojirudia, na anayefanya mazoezi ya kutosha huzizoea kabla muhula haujaisha. Kinachoniuma ni kwamba namba ikishapatikana kalamu inawekwa chini, na hakuna anayeuliza namba hiyo inadai nini kuhusu binadamu.

Chukua swali ambalo kila aliyesoma kozi hii amelikuta kwa sura moja au nyingine. Mtu ana kipato cha 120. Ananunua vitabu kwa bei ya 2 na safari kwa bei ya 3, na manufaa yake, yaani namba inayoonyesha anapendelea kipi, ni idadi ya vitabu mara idadi ya safari. Anunue vingapi ili manufaa yawe makubwa kadiri inavyowezekana? Hii ni fomula ya jamii ya Cobb-Douglas, iliyopata umaarufu mwaka 1928 kwenye utafiti wa uzalishaji na baadaye ikahamia hata kwa mlaji. Unaandika milinganyo yako, unapata vitabu 30 na safari 20. Kisha swali linasema bei ya safari imepanda kutoka 3 hadi 6. Unarudia, unapata vitabu 30 na safari 10. Unapigia mstari, unahamia swali linalofuata.

Hebu tusimame hapo kwanza. Bei ya safari imepanda maradufu, na mtu huyu hajapunguza hata kitabu kimoja. Kwa nini? Wengi watajibu kwamba fomula ndivyo ilivyo: nusu ya kipato inakwenda kwenye vitabu, na bei ya vitabu haijaguswa. Ni kweli, lakini hapo umeeleza fomula, mtu bado hujamweleza.

Sasa mwongezee kipato mpaka aweze kununua mchanganyiko wake wa zamani kwa bei mpya. Vitabu 30 na safari 20 sasa vinagharimu 180. Akipewa hizo 180 harudi kwenye mchanganyiko wa zamani. Atachukua vitabu 45 na safari 15 tu, kwa sababu safari imekuwa ghali ukiilinganisha na kitabu. Hiyo ndiyo athari ya ubadilishaji: vitabu vimepanda kwa 15. Kisha mnyang'anye zile 60 ulizomwongezea. Vitabu vinashuka kwa 15, vinarudi 30, na hiyo ni athari ya kipato. Ile 30 iliyoonekana imetulia kumbe ilikuwa inavutwa na nguvu mbili zinazolingana, moja ikimsukuma kwenye vitabu, nyingine ikimwambia amekuwa maskini zaidi. Mtu aliyebaki na vitabu vyake 30 ameguswa sana na ile bei.

Mgawanyo huu wa athari mbili ni kazi ya mchumi Eugen Slutsky, iliyochapishwa mwaka 1915 katika jarida la Kiitalia. Haikupata wasomaji wa maana mpaka John Hicks na R. G. D. Allen walipofikia matokeo kama hayo kwa njia yao mwaka 1934. Naona ndilo wazo zuri kuliko yote katika kozi nzima, na mara nyingi linafundishwa kama mchoro wa kukariri wenye mishale mitatu.

Ukilielewa, mambo mengine yanafunguka yenyewe. Mshahara ukipanda, je, mtu atafanya kazi zaidi? Saa ya mapumziko imekuwa ghali, kwa hiyo apunguze mapumziko. Lakini pia amepata uwezo zaidi, na mwenye uwezo hutaka mapumziko zaidi. Jibu linategemea ipi ina nguvu. Vivyo hivyo bidhaa za Giffen, ambazo vitabu huzitaja haraka kama kioja: bei ikishuka, watu wananunua pungufu. Robert Jensen na Nolan Miller walichapisha mwaka 2008 utafiti wao kutoka mkoa wa Hunan, China, ambako familia maskini zilizopunguziwa bei ya mchele zilikula mchele pungufu kuliko mwanzo. Unafuu ule uliwaachia nafasi ya kununua vyakula vingine. Aliyekariri mishale mitatu ataona ajabu, ila aliyeielewa ataona watu wenye akili zao wakijipangia maisha.

Namba ninayoihurumia zaidi ni lamda, yaani kile kizidishi cha Lagrange chenyewe. Katika swali letu, kabla bei haijapanda, lamda ni 10. Baada ya kupanda ni 5. Mwanafunzi ameambiwa kwamba lamda ni manufaa yanayoletwa na kipato kikiongezeka kwa moja, basi anaandika kwa kujiamini kwamba thamani ya fedha kwa mtu huyu imepungua kwa nusu. Badilisha sasa kipimo cha manufaa, tumia logi ya vitabu jumlisha logi ya safari. Machaguo ni yaleyale, vitabu 30 na safari 20, kisha 30 na 10. Lakini lamda sasa ni 1/60 kabla na 1/60 baada, haijasogea hata kidogo. Mtu ni yuleyule, kapu ni lilelile, ila hitimisho la kuvutia limeyeyuka. Manufaa katika kozi hii hupanga kipi kinapendwa kuliko kipi, basi. Hayapimi furaha kwa kilo. Jambo hili husemwa wiki ya kwanza na kusahaulika wiki ya tatu, na dakika chache za kulinganisha hesabu hizo mbili zingelikaza kichwani.

Alfred Marshall, aliyekuwa mwanahisabati kabla ya kuwa mchumi, alimwandikia mtakwimu Arthur Bowley mwaka 1906 kwamba hesabu zitumike kama mwandiko wa mkato, matokeo yaelezwe kwa maneno, yapewe mifano yenye uzito katika maisha, kisha hesabu zichomwe moto. Kwenye kuchoma siko naye. Bila kuzifanya zile namba mbili za lamda nisingekuwa na la kusema. Ila agizo la maneno na mifano lingepaswa kubandikwa juu ya kila karatasi ya mtihani.

Najua ugumu uliopo. Mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kusoma aya za kila mmoja, na namba inasahihishwa haraka. Lakini swali moja la maelezo kwenye mtihani linawezekana, na wanafunzi husomea kile kinachotahiniwa. Kwenye vikundi vya kujisomea hakuna hata cha kusubiri: anayeeleza swali afunge daftari, aeleze kwa mdomo mtu amefanya nini na kwa nini. Akikwama, kikundi kirudi nyuma.

Gharama ya kutofanya hivyo inaonekana mwisho wa kozi, kwenye mada ya ustawi wa jamii. Tunaandika kwamba soko lenye ushindani kamili lina ufanisi wa Pareto, na kuna wanaotoka darasani wakidhani wamethibitisha kwamba soko ni la haki. Ufanisi wa Pareto unasema tu kwamba huwezi kumnufaisha mmoja bila kumuumiza mwingine. Mtu mmoja akimiliki kila kitu na wengine wasiwe na kitu, hali hiyo nayo ina ufanisi wa Pareto. Nadharia hiyo ya soko lenye ufanisi ina mwenzake, na zote mbili zilithibitishwa kwa ukamilifu na Kenneth Arrow na Gerard Debreu mwaka 1951, kila mmoja kwa kazi yake: chini ya masharti fulani, mgawanyo wowote wenye ufanisi unaweza kufikiwa kupitia soko, ukianza kwa kugawa upya mali. Hiyo ya pili mara nyingi huachiwa dakika za mwisho za kipindi. Mimi ningeipa wiki nzima, hata kwa kupunguza mazoezi ya gharama za kampuni.