Siku Sita Zilizovutwa Hadi Zikakatika

Wiki iliyopita nilihudhuria semina ya vijana, nikakaa benchi la nyuma ninalolipenda kwa sababu linaniruhusu kukunja uso bila kuonekana, na hapo nikamsikia msichana wa sekondari akiuliza swali lililopangwa vizuri kuliko mafundisho yote ya asubuhi ile. Alitaka kujua majani na miti ya matunda ya siku ya tatu ya uumbaji, katika kitabu cha Mwanzo, viliishije, ikiwa jua lilifanywa siku ya nne. Mzee aliyeongoza kipindi alitabasamu kama mtu aliyepewa swali jepesi, akajibu kwamba siku za Mwanzo si siku kama zetu bali ni enzi ndefu, maana Petro amesema kwamba kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na kwa hiyo Biblia na sayansi hazina ugomvi wowote. Watu wakapiga makofi, msichana akaketi. Hakuna aliyeonekana kutambua kwamba jibu lile lilikuwa limezidisha tatizo lake: mmea unaweza kuvumilia usiku mmoja bila jua, lakini sasa alikuwa ameambiwa kwamba ulivumilia enzi nzima.

Niseme mapema kwamba sina haja ya siku za saa ishirini na nne, na wala siandiki ili kuzitetea. Kinachonikera ni dawa hii ya siku kuwa zama, inayotolewa kwa wepesi wa ajabu kila kijana anapouliza, kisha yule aliyeitoa anaondoka akidhani amewapatanisha Musa na wanajiolojia, kumbe amewakosea wote wawili.

Hesabu yenyewe haichukui muda. Siku sita za miaka elfu moja moja ni miaka elfu sita. Dunia, kwa kipimo kilichokubalika tangu mwanasayansi Clair Patterson alipotangaza mwaka 1956 matokeo ya kupima metali ya risasi iliyomo ndani ya vimondo, ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5, kwa hiyo ukitaka kuugawa sawasawa kwa siku sita, kila siku inadai miaka milioni 750. Petro hafiki huko, na hakukusudia kufika. Maneno yake yanahusu subira ya Mungu kwa watu wanaolalamika kwamba Bwana anakawia, na sentensi yake inakwenda pande zote mbili, kwa kuwa anaongeza papo hapo kwamba miaka elfu ni kama siku moja. Zaburi ya 90, ambayo Petro anaitwanga upya, inasema miaka elfu hiyo hiyo ni kama siku ya jana ikiisha kupita, tena kama kesha la usiku, ambalo si hata siku kamili. Ikiwa hicho ni kiwango cha kubadilishia muda kama tunavyobadilisha fedha, basi ningependa kujua tunatumia kiwango cha siku au cha kesha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba neno lenyewe linanyumbulika. Kiebrania *yom* hakina tofauti kubwa na siku yetu: Mwanzo 2:4 husema "siku ile BWANA Mungu alipoziumba mbingu na nchi", ikizikusanya zile sita zote ndani ya moja, na siku ya saba haikuandikiwa jioni wala asubuhi. Wanaodai kwamba siku ikishatajwa kwa hesabu haiwezi kuwa na maana nyingine wamsome Hosea anayesema kwamba baada ya siku mbili atatufufua, au wajiulize kama kuna mtu aliyewahi kuweka alama kwenye kalenda aliposikia kwamba siku za mwizi ni arobaini. Sawa, hilo nimelikubali. Lakini kwamba neno *linaweza* kuwa na maana pana si ushahidi kwamba hapa linayo, hasa mwandishi anapojitaabisha mara sita kuandika "ikawa jioni ikawa asubuhi". Enzi ya miaka milioni mia saba na hamsini haina jioni. Ukiniambia kwamba jioni nayo ni mfano, na asubuhi nayo ni mfano, nitakuuliza kwa heshima ni neno gani katika aya hiyo limebaki na kazi yake.

Kisha huletwa Agostino, askofu wa Hippo, kama babu wa hoja hii, na hapo ndipo ninaposhindwa kujizuia. Ni kweli Agostino hakuamini kwamba siku zile zilikuwa za kawaida, na ni kweli kwamba Origen, mwanateolojia wa kale, kabla yake alishangaa ni mtu gani mwenye akili angedhani kulikuwa na siku ya kwanza, ya pili na ya tatu bila jua, mwezi wala nyota. Ushahidi wao ni muhimu, kwa sababu unaonyesha kwamba kuzisoma siku hizo kwa namna nyingine hakukuanza kwa hofu ya sayansi. Lakini Agostino hakuzirefusha siku. Alizifupisha! Aliona kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na kwamba hizo siku sita ni mpangilio wa kutusaidia sisi tuelewe. Kumwita shahidi wa enzi za mamilioni ya miaka ni sawa na kumwita mtu aliyesema safari haikuchukua hata dakika moja aje athibitishe kwamba ilichukua mwaka.

Sasa nifike kwenye mfuatano, kwa maana hapo ndipo hoja yote inapoanguka, na sijapata kumsikia mtetezi wake akiutaja kwa hiari. Faida yote ya kuzigeuza siku kuwa enzi ni kwamba enzi hizo zilingane na kile kilichoandikwa kwenye miamba. Zisipolingana, umebadilisha maana ya neno bure. Mwanzo inaweka miti ya matunda siku ya tatu, samaki na ndege siku ya tano, wanyama wa nchi kavu siku ya sita. Miamba inasema samaki walikuwako zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita, ilhali mimea itoayo maua na matunda inaonekana waziwazi kwenye visukuku vya takriban miaka milioni 130 iliyopita. Samaki wameitangulia miti ya matunda kwa zaidi ya miaka milioni mia tatu. Ndege nao wanaonekana takriban miaka milioni 150 iliyopita, wakati wanyama watambaao wa nchi kavu walishazunguka dunia kwa zaidi ya miaka milioni 150 kabla yao. Biblia yetu ya Kiswahili inataja hata nyangumi katika siku ya tano, na nyangumi, kwa ushuhuda wa mifupa yao, wametokana na wanyama waliokuwa na miguu minne na kutembea nchi kavu. Ni haki kusema kwamba neno la Kiebrania pale ni pana zaidi ya nyangumi, wanyama wakubwa wa baharini kwa jumla, nami sitamlaumu Musa kwa uchaguzi wa mfasiri. Hata ukimwondoa nyangumi, safu haikai.

Mtu aliyelijua hilo kuliko wote alikuwa Hugh Miller, mwashi wa Scotland aliyejifunza jiolojia kwa nyundo yake mwenyewe. Kitabu chake kikubwa juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1857, miezi michache baada ya kifo chake, na wengi wanaorudia hoja ya enzi leo wanakula makombo ya meza yake bila kumjua. Miller alisema mwanajiolojia ana deni la kueleza siku tatu tu: ya tatu ni enzi ya misitu mikubwa iliyogeuka kuwa makaa ya mawe, ya tano ni enzi ya majitu ya baharini, ya sita ni enzi ya mamalia. Ni mpango mzuri mno mpaka unapokumbuka kwamba umaarufu wake ulitokana na samaki wa kale aliowachimbua yeye mwenyewe kwenye mawe mekundu ya nchi yake, na mawe hayo ni ya zamani *kuliko* makaa ya mawe. Samaki wake walikuwa mikononi mwake, siku mbili mapema kuliko ratiba ilivyowaruhusu. Alijitetea kwa kusema kwamba Musa alionyeshwa maono, na kwamba katika kila enzi alionyeshwa kile kilichotawala macho tu. Namheshimu sana Miller. Alihangaika na jambo ambalo wanaolirudia leo hawahangaiki nalo hata dakika moja. Lakini mtu anapofika mahali pa kusema kwamba samaki walikuwapo ila hawakutazamwa, ameshaacha kulinganisha.

Kuhusu jua kuna jibu lililozoeleka: kwamba jua lilikuwapo tangu mwanzo nyuma ya mawingu mazito, na siku ya nne mawingu yakasogea kando, likaonekana kwa aliyesimama duniani. Nilikuwa nalipenda jibu hili mpaka siku niliposoma sura yote kwa sauti. Katika aya ya 9 Mungu anaamuru maji yakusanyike "ili pakavu paonekane". Maana yake ni kwamba mwandishi alikuwa na kitenzi cha kuonekana, na alikitumia alipokihitaji. Akifika kwenye mianga, katika aya ya 16, anaandika kwamba Mungu "akafanya mianga miwili mikubwa", kwa kitenzi kile kile kilichotumika kwa anga katika aya ya 7 na kwa mnyama wa mwitu katika aya ya 25. Ikiwa kufanya ni kufunua, basi simba naye alikuwa nyuma ya wingu.

Na amri ya nne? Kutoka 20 inamwambia mfanyakazi apumzike siku ya saba kwa sababu Mungu alifanya kazi siku sita. Mfano huo unahitaji wiki ambayo msikilizaji anaitambua.

Walio upande wa pili, wa dunia changa ya miaka elfu sita, wasinishangilie. Askofu Ussher alipopiga hesabu zake mwaka 1650 na kuupata mwaka 4004 kabla ya Kristo, alifanya kazi ya kisomi kwa vyanzo vya wakati wake. Anayeing'ang'ania tarehe hiyo leo hana udhuru wa Ussher. Wala wasidhani msimamo wao ndio uliokuwa wa wahafidhina wote siku zote, kwa maana William Jennings Bryan, mwanasiasa wa Marekani aliyesimama mahakamani katika mji wa Dayton mwaka 1925 kuitetea Biblia katika kesi ya mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuko, alikiri mbele ya mwanasheria aliyemhoji kwamba siku zile si lazima ziwe za saa ishirini na nne. Ninachowapa ni hiki kimoja: wao angalau wanaiacha jioni iwe jioni.

Baada ya kipindi nilimkuta yule msichana nje akiwa ameshika karatasi ya ratiba ya semina. Akaniamkia, "Shikamoo." "Marahaba, binti yangu," nikajibu, nikamwomba karatasi, nikaigeuza upande usioandikwa na kuchora safu mbili. Nikamwambia aandike upande wa kushoto kilichotengenezwa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na upande wa kulia, mkabala, kilichowekwa siku ya nne, ya tano na ya sita. Akaandika nuru, na mbele yake mianga. Akaandika anga na maji, na mbele yake akasita kidogo, akaandika ndege na samaki. Alipofika kwenye nchi kavu hakuniangalia tena. Aliandika wanyama na mwanadamu kwa haraka, kisha akaitazama karatasi kwa muda.

"Kwa hiyo si ratiba," akasema. "Ni nyumba. Kwanza vyumba, halafu wenyeji."

Nikamwambia kuna wasomi waliokesha miaka mingi kulifikia hilo. Nikamwonyesha pia kwamba jua na mwezi havikutajwa hata kwa majina yao, vimeitwa mianga tu, katika ulimwengu ambao majirani wa Israeli waliviabudu. Ni taa zilizotundikwa na mwenye nyumba, na pengine ndiyo maana zimechelewa hadi siku ya nne, ili msomaji asidhani kwamba mchana unazihitaji zaidi ya unavyomhitaji Mungu. Akauliza basi dinosaria wako chumba gani. Nikamjibu kwamba habari zao ziko kwenye miamba, aende akazisome huko bila kuwatafutia aya.

Akacheka, kisha akauliza kwa nini mzee hakumwambia hivyo alipouliza mbele ya watu.

Ningeweza kumsema mzee. Nilikuwa na maneno tayari, mengi yakiwa haya mliyoyasoma. Lakini nilikumbuka vipindi vyangu mwenyewe, miaka nilipokuwa mbele na si benchi la nyuma, na Petro wangu na miaka elfu yake, na makofi. Nikamwambia kwamba hata mimi nililitoa jibu lile lile kwa karibu miaka kumi, na kwamba katika muda wote huo hakuna aliyeniuliza habari za majani.

"Labda waliuliza," akasema, akaikunja karatasi yake.