Pono Hana Mtoto wa Chango

Leo asubuhi nimepanda daladala Tegeta na nimeshuka Tegeta. Nilikuwa nakwenda kazini Mwenge. Nilikaa dirishani, nikaegemeza kichwa kwenye kioo, tulipofika Afrikana nikafumba macho kidogo tu. Kufumbua, nasikia "Tegeta mwisho, shukeni wote!" Gari lilishafika Makumbusho, likajaza, likageuza, na mimi nimo. Konda hakuona hata haya, akanidai nauli ya kurudi. Nikalipa. Akanirudishia chenji huku anacheka: "Mzee, ule ulikuwa usingizi wa pono."

Hapo ndipo aliponiudhi. Pono! Pono anataga mayai yake, anayaacha yaelee baharini huko, anakwenda zake kulala kwenye mwamba. Hana kliniki, hana mama mkwe, hana mtu wa kumpigia yowe sikioni kuanzia saa moja jioni hadi jogoo wa jirani apokee zamu. Mimi nina binti wa wiki tano mwenye chango, lile tumbo la kusokota. Naomba tusifananishwe.

Na si kwamba sikupewa likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, akijifungua mapacha 100. Baba anapata 3. Sikulalamika, maana siku zangu zile 3 mtoto alikaa kama mgeni mwenye adabu zake: ananyonya, anapiga mwayo, analala. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la ukoo, nikaandika "Kumbe malezi ni raha hivi!" Ile picha mpaka leo shangazi zangu wananirudishia. Wiki ya tatu, likizo imekwisha na niko kazini, binti akakunja magoti tumboni, akakaza ngumi, akafungua kinywa. Hajakifunga.

Zahanati wamempima. Uzito unapanda, homa hana, ananyonya vizuri kuliko ninavyokula mimi. Muuguzi akasema ni chango tu, wiki ya sita ndiyo linafika kileleni, mwezi wa tatu au wa nne litaondoka lenyewe. Nikamwambia sista, sisi tuko wiki ya tano. Akasema, "Eeh, ndiyo kwanza mnapanda." Akatuonya tusimpe maji wala dawa za miti, ni maziwa ya mama tu hadi miezi sita.

Mama mkwe alimsikiliza vizuri kabisa, na tulipofika nyumbani akatoa kwenye mkoba chupa ya gripu wota, ile dawa ya maji ya tumbo la watoto. Usiku huo nikasoma kwenye simu, mtoto akiwa begani: kumbe kitu chenyewe kilitengenezwa na Mwingereza William Woodward, mwaka 1851, na ile ya zamani ilikuwa na pombe ndani. Nikaelewa kwa nini watoto wa zamani walikuwa hawalii. Nikasoma pia kwamba mwaka 1954 daktari wa Marekani, Wessel, na wenzake waliweka kipimo: mtoto wa chango analia zaidi ya masaa matatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Binti yangu masaa na siku alishavuka, wiki tatu bado hajatimiza, na tayari anafundisha.

Ushauri sijakosa. Mpangaji mwenzangu anasema ni jicho la watu. Bosi wangu anasema nilale mtoto akilala, kana kwamba mtoto analalia ofisini. Dereva wa boda nilimlipa elfu tatu asimame chini ya dirisha avute mafuta, maana nilisikia mtoto anapenda mngurumo. Alipenda, kwa dakika nne. Mama mkwe yeye haongei sana, alihamia tu chumbani na mkeka wake na kunielekeza kwenye kochi la sebuleni, nisije nikambemenda mtoto. Mama, mimi? Kwa nguvu zipi?

Sasa, dawa pekee niliyoigundua ni kutembea. Si kumtikisa, si kumwimbia, kutembea. Sebule yetu ni hatua sita, ya saba unapiga goti kwenye friji. Kwa hiyo juzi Jumanne, saa nane usiku, nikamfunga kifuani kwa khanga ya mke wangu, nikatoka mtaani. Raha! Kimya. Nimefika kwa muuza mkaa, tochi tatu usoni.

"Simama hapo! Umebeba nini?"

Ulinzi shirikishi. Wanne, marungu mkononi.

"Mtoto."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Mama yake yuko wapi?"

"Amelala."

"Mama amelala, baba anazurura na kichanga saa nane za usiku. Wewe mwenyewe ukijisikiliza, imekaa sawa hiyo?"

Nikawaambia kwa heshima zote, jamani, niulizeni lolote ila siwezi kusimama, nikisimama analia. Kiongozi wao akasema hapa anayetoa amri ni yeye. Basi nikasimama. Tukaangaliana. Nikahesabu moyoni moja, mbili, na ya tatu sikuifikia. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Taa zikaanza kuwaka madirishani. Kiongozi akaziba sikio kwa rungu: "Tembea! Tembea bwana, tembea!"

Mahojiano yakaendelea kwa miguu. Mimi mbele, wao wawili huku, wawili kule, tochi zinamulika njia, utadhani nasindikizwa kwenda kula kiapo. Jina la mtoto? Bado hana, bibi zake wawili hawajakubaliana. "Hata jina humjui!" Kitambulisho? Nimekiacha nyumbani, sikujua kama kubembeleza kunahitaji kitambulisho. Mmoja akamulika kifua changu akasoma khanga kwa sauti, silabi kwa silabi: "Si-si so-te a-bi-ria, de-re-va Mu-ngu." Akaniuliza nina maana gani.

Tulipomaliza kona ya bucha, mzee wao mmoja, mwenye koti la mvua na haijanyesha tangu lini, akaning'oneza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Kijana, hujambemenda kweli?" Nikamwambia mzee wangu, nalala kwenye kochi. Akanitazama kwa huruma, akampa mwenzake rungu. "Hebu lete." Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kwenye kiwiko, miguu inaning'inia huku na huku kama chui juu ya tawi, akampapasa mgongo taratibu. Binti akabeua. Akajamba, mlio wa mtu mzima kabisa. Akalala. Wiki mbili nzima natafuta mlio huo!

Wakasema lazima wahakikishe, wakanipeleka hadi nyumbani. Mama mkwe akafungua mlango, upande mmoja wa kichwa una mabutu. "Mama, shikamoo. Unamfahamu huyu?" Akanitazama mimi, akamtazama mtoto mkononi mwa mzee.

"Marahaba. Mtoto namfahamu."

Basi likatolewa daftari. Kumbe jina langu limo: ada ya ulinzi miezi minne, elfu mbili mbili. Nikatoa noti ya elfu kumi, chenji hawana, wakaniandikia mwezi mmoja mbele. Sikubisha. Nikampokea binti kwa vidole vya mwizi, nikapandisha kizingiti, nikamgeukia mke wangu nimwoneshe nilivyo baba, na yule kijana wao mdogo kuliko wote, kwa sababu ilikuwa imefika saa tisa kamili na ndiyo kazi yake, akapuliza filimbi.

Sitaki kulizungumzia lile.

Ila na hii michango nayo! Ulinzi elfu mbili, taka elfu tatu na gari la taka silioni, na risiti ukiomba unaambiwa daftari lipo. Jana jioni nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akadhani nimekuja kulalamika. Nikamwambia niko tayari kulipa ulinzi wa mwaka mzima, leo hii, taslimu, sharti moja tu, yule mzee wa koti apangwe kulinda nyumba yangu, kwa ndani. Akafungua ratiba yake, akapitisha kidole. Zamu ya mzee ni Jumanne na Ijumaa.

Leo Alhamisi. Saa moja kasoro robo, na naona ameshaanza kukunja magoti.